Mafiga Matatu ya Mlenga Shabaha: Tripodi Ipimwe Uwanjani, Isipimwe Dukani

Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mafiga mawili nayo hayakiinjiki. Chungu kitayumba na mboga itamwagika motoni. Lakini mafiga yakiwa matatu, hata yakipangwa juu ya ardhi yenye mashimo na vijiwe, chungu hukaa kikatulia. Meza ya miguu minne huchezacheza sakafu isipokuwa sawa, na mwenye meza hulazimika kukunja karatasi na kuitia chini ya mguu mmoja. Mafiga matatu hayahitaji karatasi. Akina mama wetu waliijua elimu hiyo kabla ya shule kujengwa, na ndiyo elimu ile ile iliyomo ndani ya chombo kinachozungumzwa sana leo na walenga shabaha wa mashindano: tripodi, yaani kiweko cha miguu mitatu ambacho bunduki huwekwa juu yake ili mlengaji apige akiwa amesimama, ameketi au amepiga goti.

Tripodi za nyuzi za kaboni zilianza kuwa mali ya wapiga picha. Kampuni ya Kifaransa iitwayo Gitzo ilitoa tripodi ya namna hiyo kwa ajili ya kamera mwaka 1994. Baadaye walenga shabaha walikiona chombo hicho, wakakitamani, wakakichukua. Huko Marekani ulianzishwa mwaka 2012 mfululizo wa mashindano ya bunduki za masafa marefu uitwao Precision Rifle Series, na mwaka 2022 mashindano ya dunia ya mchezo wa aina hiyo yalifanyika nchini Ufaransa. Katika mchezo huo mlengaji hupewa muda mfupi, mara nyingi dakika moja na nusu au mbili, ahame kutoka kizuizi hadi kizuizi na kupiga shabaha zilizo mbali mamia ya mita. Hana nafasi ya kutafuta mti wa kuegemea. Hubeba mti wake mwenyewe, nao una miguu mitatu.

Je, jambo hili lamhusu nini askari au polisi wa Bujumbura? Lamhusu sana. Mchezo wa kulenga shabaha ni mchezo wa askari kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote. Ulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, mjini Athens mwaka 1896. Umo katika mashindano ya Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, CISM, lililoundwa mwaka 1948. Umekuwamo pia katika michezo ya polisi wa Afrika ya Mashariki iandaliwayo na EAPCCO, ambayo mwezi Machi 2023 ilifanyika karibu nasi, mjini Kigali. Iko siku timu yetu, ya jeshi au ya polisi, itataka kununua tripodi kwa ajili ya mazoezi au mashindano. Siku hiyo fedha za kigeni zitatolewa, nazo si nyingi. Mzigo utasafiri kwa barabara zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ukifika na kuonekana haufai, hakuna atakayeurudisha. Utawekwa ghalani, na mlenga shabaha atabaki akiegemea gunia.

Kwa hiyo maoni yetu tunayatoa mapema, kabla ya ununuzi. Uzuri wa tripodi ni utulivu wake, na utulivu haumo katika jina la kaboni, wala katika wepesi, wala katika bei. Utulivu hupimwa uwanjani, bunduki ikiwa juu yake, na apasaye kuupima ni yule yule atakayelala, atakayepiga goti na atakayesimama nyuma ya bunduki hiyo. Mlenga shabaha akiachwa nje ya uchaguzi, mambo yatakwenda mrama.

HESABU YA MILIMITA MOJA

Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Katika shabaha ya mita 300 ya Shirikisho la Kimataifa la Kulenga Shabaha, ISSF, duara la pointi kumi lina kipenyo cha sentimita kumi. Sasa tuseme bunduki imekaa juu ya vitegemeo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vilivyoachana kwa nusu mita. Kitegemeo cha mbele kikisogea kando kwa milimita moja tu, risasi haitakwenda kando kwa milimita moja. Kwa umbali wa mita 300 itakwenda kando kwa sentimita sitini. Mlengaji aliyekuwa katikati kabisa ya duara la kumi atajikuta nje ya shabaha yote, maana shabaha nzima ina upana wa mita moja.

Tuigeuze hesabu hiyo. Ili risasi isivuke upana wa duara la kumi, kitegemeo kile hakiruhusiwi kucheza, tokea upande huu hata upande huu, zaidi ya sehemu moja ya sita ya milimita. Chukua karatasi mbili za kuandikia, zibane pamoja: unene wake unapita kipimo hicho. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyo nayo mlengaji, na ndani ya nafasi hiyo hiyo inabidi pia yaingie mapigo ya moyo wake, pumzi zake, upepo na kasoro za risasi yenyewe. Tripodi inayotikisika inamnyang'anya mlengaji sehemu kubwa ya nafasi hiyo kabla hajagusa kifyatulio.

Hapa ndipo penye dhuluma iliyofichika. Mlengaji mzuri akiwekwa juu ya tripodi mbovu hukosa, naye hudhani kosa ni lake. Hubadili pumzi, hubadili mshiko, hubadili kidole, huharibu tabia njema alizojifunza kwa miaka. Mkufunzi naye humkemea. Kumbe mkosaji ni bomba jembamba la mguu wa tatu. Bunduki yenye kasoro hupelekwa kwa fundi. Tripodi yenye kasoro mara nyingi humpeleka mlengaji nyumbani.

MAFUNZO YA ZAMANI

Si jambo geni kwamba kiweko kizuri huweza kufanya mambo makubwa. Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanja wa Wimbledon karibu na London, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza. Malkia huyo hakuwa mlenga shabaha. Bunduki ya Whitworth ilifungwa juu ya kiweko imara, ikaelekezwa na mafundi, naye akavuta uzi wa hariri tu. Risasi ilikwenda kiasi cha mita 365 ikapiga shabaha karibu mno na kitovu, kama sentimita tatu hivi. Sifa alipewa malkia, lakini kazi ilifanywa na kiweko.

Katika nchi zetu wazee walikijua kiweko cha namna nyingine. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, askari wa Force Publique waliokuja kutoka Kongo waliingia Usumbura mwezi Juni 1916, na mwezi Septemba mwaka ule ule wakafika Tabora. Pande zote mbili zilikuwa na ile bunduki ya rashasha iliyoitwa bombom kwa Kiswahili cha siku zile. Bombom haikupigwa mikononi. Ilikalia miguu ya chuma. Tripodi ya Vickers, kwa mfano, ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 22 peke yake, na safarini mzigo wa namna hiyo ulikuwa juu ya bega au kichwa cha mtu. Uzito ule ulikuwa na maana: chuma kizito hukataa kusukumwa na teke la bunduki.

Mlenga shabaha wa mashindano hawezi kubeba kilo 22. Anahitaji uthabiti wa chuma katika mzigo wa kilo mbili au tatu. Ndipo nyuzi za kaboni zilipopata nafasi yao, na ndipo pia wauzaji walipopata nafasi ya kusema mengi kuliko ukweli.

KABONI NI NINI, NA SI NINI

Nyuzi za kaboni ni nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtu, zinazopatikana kwa kuchoma nyuzi nyingine katika joto kali pasipo hewa. Wataalamu wa Japani, Marekani na Uingereza walizistawisha tangu mwisho wa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, hasa kwa mahitaji ya ndege. Nyuzi hizo hufumwa au hupangwa kwa tabaka, zikaloweshwa gundi ngumu, zikafanywa bomba. Bomba hilo ni jepesi: sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, na ile ya kaboni iliyogandishwa kwa gundi ina kiasi cha gramu 1.6. Tena bomba la kaboni likigongwa, mtetemo wake hufa upesi kuliko wa alumini, na hiyo ni faida kubwa kwa mtu anayetazama shabaha kwa darubini.

Lakini nyuzi hizo zina nguvu kwa upande zilikolala. Nyuzi zikilala zote kwa urefu wa bomba, bomba litakataa kupindika lakini litakubali kusokotwa kama nguo inayokamuliwa. Fundi mwema hupanga baadhi ya tabaka kwa mshazari ili kuzuia kusokotwa. Fundi wa bei rahisi huokoa nyuzi na kazi, akapaka rangi nyeusi juu. Kwa macho, mabomba mawili hayo hufanana kama pacha. Ndiyo maana twasema neno kaboni lililoandikwa kwenye sanduku si ushahidi wa kitu chochote, isipokuwa rangi.

Vivyo hivyo kuhusu ile namba ya kilo ambazo tripodi yasemekana yaweza kubeba. Watengenezaji hawana kipimo kimoja kinachowafunga wote. Tena, hata namba hiyo ikiwa kweli, yaonyesha tu kwamba tripodi haitaanguka. Haionyeshi kwamba haitatikisika. Kitanda cha kamba chaweza kubeba watu watatu, lakini hakuna awezaye kuandika barua akiwa juu yake.

MAMBO MATANO YA KUKAGUA

Jambo la kwanza ni unene wa mabomba ya miguu. Hapa sheria ya ufundi ni kali: mabomba mawili yenye ukuta wa unene mmoja, lile lenye kipenyo mara mbili hukataa kupindika mara nane. Bomba la milimita 36 likilinganishwa na la milimita 22 huwa na ukaidi unaozidi mara nne. Tripodi ya kamera ndogo, hata ikiwa ya kaboni safi, haikuumbwa kwa bunduki ya kilo sita au saba inayorudi nyuma kwa teke. Mnunuzi atazame kwanza kipenyo, kisha ndipo aulize uzito.

Jambo la pili ni idadi ya vipande vya kila mguu. Mguu hukunjwa kwa bomba jembamba kuingia katika bomba nene. Kila kipande kikiongezwa, bomba la chini kabisa huzidi kuwa jembamba, na kiungo kingine cha kuchezacheza huzaliwa. Mguu wa vipande vinne unaoanza na bomba la milimita 36 waweza kuishia na la milimita 25, ambalo ukaidi wake ni theluthi moja tu ya lile la juu. Mguu wa vipande vitatu ni mrefu zaidi ukikunjwa, na hausafiri vizuri ndani ya mkoba, lakini husimama vizuri zaidi. Baina ya kusafiri vizuri na kusimama vizuri, mlenga shabaha achague kusimama.

Jambo la tatu ni nguzo ya katikati. Tripodi nyingi za kamera zina nguzo inayopandishwa juu kwa mkono. Kwa mpiga picha ni msaada. Kwa mlenga shabaha ni adui. Mara nguzo inapopandishwa, miguu mitatu huwa imebeba mguu mmoja, na sisi tumekwisha kukubaliana juu ya figa moja. Tripodi ya bunduki isiwe na nguzo hiyo, au iweze kuondolewa kabisa. Urefu utafutwe kwa miguu, nayo iweze kufikia kifua cha mlengaji aliyesimama wima, maana mlengaji anayejikunja juu ya tripodi fupi hutetemeka magoti hata kama tripodi yenyewe imetulia.

Jambo la nne ni kichwa, mahali bunduki inaposhikana na miguu. Wengi hununua miguu ya thamani kisha wakaifunga juu yake kichwa dhaifu, kama mtu aliyejenga nyumba ya mawe akaweka mlango wa makuti. Kichwa cha tufe kiwe na tufe kubwa, na kikikazwa kisilegee polepole chini ya uzito. Siku hizi wengi hutumia reli iliyo chini ya bunduki, yenye upana wa kiasi cha milimita 38, ikabanwa kwa taya za kichwa. Kabla ya kununua, ihakikishwe kwamba reli na taya zimetengenezwa kwa kipimo kimoja kwa hakika. Tofauti ndogo mno hapo ni ile ile sehemu ya sita ya milimita tuliyoihesabu. Bunduki ibanwe mahali inapolingana uzito wake, isiwe nzito mbele wala nyuma.

Jambo la tano ni nyayo. Juu ya saruji, nyayo za mpira hushika vizuri. Juu ya udongo mwekundu wa vilima vyetu baada ya mvua, au mchanga wa ufuoni mwa Tanganyika, mpira huteleza au huzama, na misumari ya chuma ndiyo ifaayo. Tripodi inayofaa kwetu iwe na nyayo zinazobadilishwa. Ardhi ya Bujumbura si ya aina moja: mtu akitoka ziwani, katika kimo cha mita 774 juu ya usawa wa bahari, muda si mrefu huwa yuko mlimani. Na juu ya mteremko, miguu miwili iwekwe upande wa chini na mmoja upande wa juu, ili uzito usiivute tripodi kuanguka.

MTIHANI WA UWANJANI

Mambo hayo matano yakikubalika, tripodi ifanyiwe mtihani. Mtihani huu hauhitaji chombo chochote kutoka ng'ambo. Kwanza bunduki ikaguliwe na watu wawili kwamba haina risasi. Kisha ifungwe juu ya tripodi na darubini ielekezwe kwenye alama ndogo iliyo mbali. Mtu agonge mguu mmoja kwa kidole, na mlengaji ahesabu muda ambao picha inatetemeka. Tripodi ambayo picha yake hutulia mara moja ni njema. Ile inayoendelea kutetemeka mpaka umehesabu tatu au nne, iachwe.

Baadaye mlengaji asukume bunduki taratibu kulia, aachilie. Asukume kushoto, aachilie. Je, alama ya darubini yarudi pale pale ilipokuwa? Ikirudi mahali tofauti, kuna kiungo kinachocheza au bomba linalosokotwa, na tripodi hiyo haitapiga risasi mbili mahali pamoja. Halafu kila kiungo cha mguu kichorwe mstari wa chaki, na mlengaji aegemee kwa uzito wake, kama atakavyofanya mashindanoni, kwa muda wa dakika tano. Mistari ya chaki ikiachana, viungo vinateleza.

Mwisho ni risasi zenyewe. Mlengaji apige risasi tano akiwa amelala, bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Kisha tano akiwa juu ya tripodi, umbali ule ule, risasi za aina ile ile. Walengaji watatu au wanne wafanye hivyo, na makaratasi ya shabaha yaandikwe majina na kuhifadhiwa. Tripodi ikilinganishwa na tripodi nyingine kwa njia hii, hakuna haja ya mabishano wala ya kumtazama nani ana cheo. Karatasi yenye matundu itasema. Kuhusu ni mguu gani uelekezwe mbele, walengaji hodari wenyewe hutofautiana: wapo waelekezao mmoja kwenye shabaha na wapo waelekezao miwili. Hilo nalo liamuliwe na matundu.

WASEMAO HAPANA

Wako watakaotuuliza: kwani askari wa kweli ahitaji fimbo ya kuegemea? Babu zetu walipiga kwa mikono. Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Tena yaungwa mkono na kanuni: katika mashindano ya bunduki ya ISSF, mlengaji hupiga akiwa amelala, amepiga goti na amesimama, na tripodi hairuhusiwi, akilala au akipiga goti husaidiwa na mkanda tu. Timu inayokwenda katika mashindano ya namna hiyo ikitumia fedha zake kununua tripodi, imenunua kasia kwa safari ya nchi kavu. Ndiyo sababu kanuni za mashindano zisomwe kwanza, na orodha ya manunuzi iandikwe baadaye.

Lakini palipo na mashindano yanayoiruhusu, kuikataa tripodi kwa sababu ya fahari ni kujinyima. Na hata pasipo mashindano, tripodi ni mwalimu. Bunduki ikiwa imetulia kabisa, kosa la kidole huonekana wazi: alama ya darubini huruka pale kifyatulio kinapovutwa kwa pupa. Tripodi haitibu kosa hilo. Hulifichua, na kosa lililofichuliwa huwa nusu limekwisha kutibiwa.

Wengine watasema: basi na tununue za bei rahisi, nyingi, kila mmoja apate yake. Tunapinga. Tripodi nzuri ya nyuzi za kaboni huuzwa huko ng'ambo kwa mamia ya dola, na nyingine hupita dola elfu moja. Fedha hizo zikigawanywa kununua tripodi sita dhaifu, timu itakuwa na tripodi sita zinazotikisika na haitakuwa na hata moja inayotulia. Heri moja au mbili imara, zipokezanwe kwa zamu kama askari wanavyopokezana lindo. Na iwapo fedha hazitoshi hata kwa moja, basi alumini nene yenye miguu ya vipande vitatu ni bora kuliko kaboni nyembamba. Atakayeibeba atatoka jasho zaidi, lakini atapiga shabaha.

Tena yako mambo yasiyohitaji dola hata moja. Mfuko imara wa turubai, ulioshonwa na fundi cherehani wa Buyenzi na kujazwa mchanga mkavu au maharage, ukiwekwa baina ya bunduki na kizuizi au chini ya kitako, huleta utulivu ambao wengi huutafuta katika maduka ya mbali. Mfuko mwingine ukining'inizwa katikati ya miguu mitatu huongeza uzito wa tripodi nyepesi. Ila uguse ardhi kidogo, usije ukabembea kwa upepo na kuileta ile ile tikisiko tuliyoikimbia.

UTUNZAJI NA USALAMA

Kaboni haifi kama chuma. Chuma hupinda, na kila mtu akaona. Kaboni ikigongwa kwa nguvu au ikibanwa chini ya sanduku ndani ya lori huweza kupasuka kwa ndani, tabaka zikaachana, na nje pakabaki mkwaruzo mdogo tu. Kila mguu ukaguliwe kwa vidole na kwa kugongwa: sauti ikiwa butu mahali pamoja, pana ugonjwa. Viungo vifunguliwe, vifutwe vumbi na kukaushwa baada ya mvua. Askari wetu waliotumwa Somalia kuanzia Desemba 2007 hawahitaji kufundishwa ni kitu gani mchanga laini hufanya ndani ya nyuzi za parafujo.

Na juu ya yote, bunduki iliyo juu ya tripodi ni bunduki, si kamera. Uzito wake wote uko juu, na upepo au mguu wa mpita njia waweza kuiangusha. Isiachwe peke yake hata kwa nukta moja. Ikiachwa na mkono wa mlengaji, iwe tupu, kifungio kikiwa wazi, mtutu ukielekea mahali salama. Mwenzi aangalie.

Ndugu askari, na ndugu polisi, tumesema mengi juu ya mabomba na milimita, lakini shabaha yetu ni moja. Anayekwenda kushindana kwa jina la nchi anastahili chombo kisichomsaliti, na nchi inayotoa fedha zake chache inastahili kupata kitu kinachofanya kazi. Haki hizo mbili hukutana mahali pamoja tu, nako ni uwanjani, kabla ya fedha kulipwa. Tripodi isiingie ghalani kabla mlenga shabaha hajaegemea juu yake, hajaigonga kwa kidole, hajaisukuma kushoto na kulia, na hajaonyesha karatasi yenye matundu matano. Mwenye ghala aandike namba, mhasibu aandike hesabu, mkubwa atie sahihi. Lakini neno la "hii yafaa" litoke kinywani mwa yule atakayevuta kifyatulio.